Raba Zisizouma

Wachuka hakuwahi kupatana na viatu. Alizaliwa na miguu ya babake, mipana kwa mbele, vidole vimeachana kila kimoja na njia yake, na tangu siku alipovishwa viatu vya shule kule kwao Othaya alijua kwamba maisha yake yatakuwa ya kubanwa. Shuleni alikimbia miguu mitupu na kuwashinda wasichana wote wa darasa lake. Siku ya harusi yake alivua viatu nje ya kanisa, hata picha hazijapigwa, na katika picha zote anaonekana amesimama wima, amenuna kidogo, nguo ndefu ikifagia nyasi na kuficha nyayo zake.

Sasa alikuwa anakaribia miaka hamsini, ana saluni yake mtaani Skuta, mjini Nyeri. Kazi ya saluni ni ya miguu kuliko mikono, ingawa wateja hawalijui hilo. Mtu mmoja anataka kusukwa nywele ndogondogo, mwingine anataka kuoshwa na kukaushwa, na wewe uko wima kwenye saruji kuanzia asubuhi hadi mitaa inapoanza kuwa baridi. Wachuka alifanya kazi hiyo akiwa na patipati za mpira miguuni. Jioni nyayo zilimwasha na kumchoma kana kwamba amekanyaga siafu. Alizisugua, akalaumu saruji.

Mwaka juzi alipimwa hospitalini akaambiwa ana sukari. Alimwambia mumewe Mathenge, ambaye ni fundi wa stima, na mwana wao Griffins aliyekuwa akifanya kazi gereji huko Kenol. Hakuna mwingine aliyeambiwa. Alijua jinsi maneno yanavyosafiri kutoka kiti cha saluni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameyasafirisha mengi. Leo ukisema una sukari, kesho utasikia umelazwa, na keshokutwa wateja wako wako kwa jirani.

Daktari alimpa tembe na kumwambia apunguze chapati, aache chai tamu, na aufanyishe mwili mazoezi. Chapati zilimuuma kuziacha. Mazoezi ndiyo yaliyomshangaza. Alianza kutembea alfajiri na Phyllis, mwenye kibanda cha mboga kando ya saluni, mwanamke wa vicheko vingi ambaye hakuwahi kuuliza mtu kwa nini anafanya anachofanya. Wakatembea kuelekea Ruring'u na kurudi. Kutembea kukawa kukimbia polepole, na kukimbia polepole kukaanza kuwa kukimbia. Asubuhi ambazo mlima ulijifunua wote, kilele na theluji yake, Wachuka alijiona kama yule msichana wa Othaya ambaye hakuna aliyeweza kumfikia.

Tatizo lilikuwa lile lile la siku zote. Raba za kitambaa zilimkata kisigino. Raba za mitumba zilikuja zimeshazoea mguu wa mtu mwingine, mtu aliyekanyaga kwa ndani, na zilimsukuma magoti mpaka akarudi nyumbani akichechemea. Jozi nyingine ilibanduka soli kwenye matope ya Kamakwa, akakimbia njia yote ya kurudi mguu mmoja ukipiga makofi. Ukucha wa kidole gumba uligeuka mweusi, ukang'oka. Phyllis aliuona na kufunika mdomo.

"Mama Griffins, hiyo si iliuma vibaya?"

Wachuka alifikiri kidogo. Kwa kweli haikuwa imeuma sana. "Miguu yangu imekomaa," akasema, na akaona fahari.

Mambo yalichacha Phyllis alipoleta habari kwamba kina mama wa kanisa kule Othaya wameandaa mbio za kuchangia ukumbi wao mpya. Kilomita kumi, kutoka sokoni, kupitia kwenye majani chai, mpaka uwanja wa shule. Shule yenyewe ilikuwa ile aliyosoma Wachuka. Wangekuwako wanawake aliosoma nao, wale waliokuwa wakiona mgongo wake tu. Aliamua kwamba hatakwenda huko kwa viatu vya mtu mwingine.

Mjini Nyeri kuna barabara ambako Kusum na watu wa mumewe wameuza viatu tangu enzi za babamkwe. Kusum mwenyewe alikuwa amepita miaka sitini, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, Kikuyu chake kikiwa safi kuliko Kiswahili chake. Kwa kuwa kijana wake aliitwa Pratik, wateja wa zamani walimwita Mama Pratik. Alimkalisha Wachuka, akaleta ubao wa chuma wa kupimia mguu, akainama mwenyewe.

"Arobaini na mbili," akasema.

"Ati ngapi? Hiyo ni saizi ya bwana yangu!"

"Mguu yako iko pana, mama. Saizi si matusi."

Akaleta raba za kukimbilia, za buluu, ambazo kisigino chake kilikuwa na kidirisha. Ukichungulia unaona mfuko wa hewa ndani ya soli. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unarudi juu taratibu, kama mkate uliotoka tanurini. Wachuka alizivaa za saizi arobaini na mbili, akasimama, akahisi kama amesimama ndani ya karai. Mguu ulikuwa ukielea tu, haujui ukuta uko wapi.

"Hizi zinanitoka."

"Hazikutoki. Nimeshika hapa kisigino, imekaa sawa."

"Nakwambia siisikii kabisa. Nipe ndogo."

Kusum alileta za arobaini na moja. Hizo zilimshika. Wachuka alihisi kiatu kimemkumbatia mguu, kikamwambia, niko hapa. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, hewa ikimsukuma juu kila hatua. Kusum alibonyeza ncha ya kiatu, akabonyeza pembeni penye kidole kidogo, akakunja uso.

"Kidole yako imefika mwisho. Na hapa pembeni imejaa. Hakuna nafasi."

"Haiumi."

"Hata hapa?"

"Mama Pratik, hata kidogo! Maisha yangu yote sijawahi kuvaa kiatu isiyoniuma. Hii haiumi. Unataka niombe nini tena?"

Kusum alitikisa kichwa kama mtu aliyebishana na wateja miaka mingi na kuchoka. Akazifunga ndani ya boksi.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, na hilo ndilo lililomkasirisha Wachuka baadaye kuliko yote mengine. Alikuwa na raha ya kweli. Alikimbia mpaka Phyllis akaanza kumlilia asimwache. Alizivaa saluni pia, akasuka vichwa vya watu akiwa juu ya hewa, na alipoulizwa habari za raba zake alieleza kwa urefu, akainua mguu kuonyesha kidirisha. Phyllis, ambaye raba zake zilimchuna kila siku, alizitazama kwa tamaa.

Kisha raba ya mguu wa kushoto ikaanza kulia. Kila alipokanyaga ilitoa sauti nyembamba, kama panya aliyebanwa na mlango. Kufikia mwisho wa wiki ililia kwa mara ya mwisho ikanyamaza, na Wachuka alipobonyeza kidirisha, kidole kilizama na mfuko haukurudi. Pengine ni mwiba, pengine ni kokoto ya barabara ya murram isiyo na lami. Alirudi kwa Kusum akiwa amechemka.

"Hii imetoboka na haijamaliza hata mwezi."

Kusum aliigeuza. "Ikitoboka imetoboka. Si mpira wa baiskeli, hakuna mahali ya kujaza." Akaonyesha ukingo wa nje wa soli, ambapo mistari ilikuwa imelika ikabaki laini. "Na ona vile unakanyaga. Unalalia huku nje. Mguu inakimbia kitu ndani."

"Inakimbia nini na haiumi?"

"Sijui, mama. Kiatu inasema hivyo."

"Kiatu haisemi. Kiatu inauzwa."

Aliondoka bila kwaheri. Njiani alijuta kidogo kwa neno hilo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko majuto. Aliwaza jinsi ambavyo kitu kizuri hakimkai mkononi. Hata hivyo hakuacha kuzivaa. Mguu mmoja ulikuwa na hewa na mwingine hauna, akawa anakimbia kama mtu anayepita mteremko kwa ubavu, na Phyllis alipomwambia ameinama upande, akamjibu aangalie mbele.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya mbio. Wachuka alirudi kutoka kukimbia, akavua raba mlangoni, akapita na soksi mpaka jikoni, akabandika chai. Mathenge alikuwa mezani akitengeneza redio ya jirani. Aliinua macho, akaangalia sakafu, akaweka bisibisi chini.

"Wachuka. Umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Geuka uone."

Aligeuka. Kutoka mlangoni hadi aliposimama kulikuwa na alama kwenye saruji, moja baada ya nyingine, za rangi ya kutu, zote za mguu wa kushoto. Kwa muda alifikiri ni matope mekundu. Kisha akaketi na kuvuta soksi, na soksi ikakataa kutoka. Ilikuwa imegandana na mguu kando ya kidole kidogo. Mathenge alileta maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akailowesha na kuitoa polepole, akivuta pumzi kwa meno kana kwamba mguu ni wake. Chini ya soksi ngozi ilikuwa imetoka, pana kama sarafu, na ndani yake kulikuwa na shimo bichi lililoanza kunuka.

Wachuka alinyoosha kidole akagusa kando ya kidonda. Akabonyeza. Alikiona kidole chake kikibonyeza. Mguuni hakukuja habari yoyote.

"Inauma?" Mathenge akauliza.

Wachuka alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mumewe akamshika mkono. Hapo ndipo hofu ilipomfikia, na nyuma yake hasira. Alikwenda mlangoni, akachukua raba ya kushoto akairusha, ikagonga sufuria, chai ikamwagika jikoni kote.

Kliniki ya sukari walimwona Jumatatu. Nesi aliyeitwa Sophie, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alisafisha kidonda akakifunga, kisha akamwambia alale na kufumba macho. Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki kwenye ncha.

"Nitagusa mguu yako mahali tofauti tofauti, mama. Ukisikia, sema ndio."

Wachuka alifumba macho akangoja. Alisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alisikia mtoto akilia kwenye foleni. Akangoja zaidi, mpaka akaona nesi anachelewesha watu.

"Utaanza saa ngapi?" akauliza.

Nesi aliweka kijiti chini. "Nimemaliza, mama."

Wachuka alifumbua macho akaangalia dari. Sophie akavuta kiti, akamweleza bila haraka. Sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu kwenye nyayo. Ule moto na wale siafu wa jioni ndizo zilizokuwa dalili, na sasa hata hizo zilikuwa zikizimika. Mguu ulikuwa umeacha kupeleka habari juu. Kidonda kilianza kama lengelenge la kiatu, ambalo mtu mwingine angelisikia siku ya kwanza akalalamika na kuvua.

"Lakini hiyo kiatu ilikuwa nzuri," Wachuka akasema, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ya kuomba. "Ile kubwa ndiyo ilikuwa mbaya. Ilikuwa inaelea."

"Wengi wenu hufanya hivyo. Kiatu ikiwa sawa, mguu haisikii kama iko. Mnachukua ile inabana, ndio msikie kitu."

"Na mbio ni Jumamosi."

"Hakuna mbio, mama. Hata kusimama, punguza. Hii kidonda ikiingia kwa mfupa, tutaongea mambo mengine."

Alitoka pale akitaka sana mtu wa kugombeza. Daktari alimwambia afanye mazoezi, akafanya. Aliambiwa aache chapati, akaacha. Alitafuta kiatu kizuri, akakipata. Alikuwa ametii kila kitu, na kutii huko ndiko kulikomtoboa mguu! Mathenge hakufaa kugombezwa, maana alikuwa amekaa kimya kwenye benchi ameshika mkoba wake kama mtoto. Basi akapita nyumbani, akatia raba kwenye mfuko na kwenda kwa Kusum.

Duka lilikuwa na wateja wawili. Wachuka hakuwajali. Aliweka raba juu ya kaunta, na iliyokuwa na damu akaiweka juu.

"Angalia kazi ya kiatu yako."

Kusum alivaa miwani, akatazama ndani ya raba, kisha akatazama bandeji. Uso wake ukabadilika. "Uko na sukari," akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, ili wale wengine wasisikie.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Natu, bwana yangu, alikuwa na sukari. Alikatwa vidole, halafu mguu. Na alikuwa muuza viatu." Alivua miwani tena. "Ungeniambia siku ile, singekuuzia hii hata ungepiga kelele mpaka barabarani."

"Nilikuja kununua kiatu. Sikuja kupimwa."

"Na mimi nilikuambia hakuna nafasi. Nilisema mara ngapi?"

Lile neno alilokuja nalo Wachuka lilikuwa limekwisha. Alibaki amesimama mguu mmoja, mwenye hasira bila pa kuiweka, mpaka Kusum alipozunguka kaunta akamletea stuli. Akakaa. Wale wateja wawili wakapima viatu vyao na kuondoka, Kusum na Wachuka wakabaki wakiangalia barabarani.

Siku ya mbio alikwenda Othaya hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameshaahidi. Walimweka kwenye kiti uwanjani kugawa maji. Wale wa zamani walimpita mmoja mmoja na kumsalimia. "Wachuka! Si wewe ndiye ulikuwa unatushinda?" Akawaambia ameteguka. Kila alipolisema neno hilo lilimchafua moyo zaidi, na alitamani waishiwe na maji waende zao.

Phyllis alifika karibu wa mwisho, shati limelowa, akapita mstari na kuanguka kwenye nyasi kando ya kiti cha Wachuka. Alivua raba zake kwa pupa na kuzitupa.

"Wuui, vidole vyangu! Mama Griffins, nimekufa! Kutoka kwa ile kona ya pili nimekuwa nikilia. Angalia hii, angalia! Usiguse!"

Lengelenge lilikuwa dogo tu, jekundu, juu ya kidole. Phyllis alilipuliza, akalalamika, akajikunja. Wachuka alimtazama. Alimwonea wivu. Hakuonea wivu mbio wala pumzi, alionea wivu kile kilio. Alikuwa amekaa miaka karibu hamsini akilaani viatu kwa kumuuma, na kumbe vilikuwa vikizungumza naye.

"Phyllis," akasema, "mimi sijateguka. Niko na sukari. Siisikii miguu yangu."

Phyllis aliacha kupuliza kidole. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na umekuwa ukikimbia na mimi kila siku na hujaniambia? Mimi nilikuwa nakuona umeinama, nikafikiri ni maringo ya raba mpya!" Alikuwa amekasirika kweli, na machozi yalikuwa machoni. Wachuka, ambaye hakuwa ametegemea kugombezwa tena siku hiyo, aliona afadhali kidogo.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena wakati mvua ndefu zilipokuwa zikiisha. Mathenge alimtengenezea kiti kirefu cha saluni, na kila jioni alimulika nyayo zake kwa tochi anayotumia kazini, akichunguza kama nyaya, na Wachuka akachukia kila dakika ya ukaguzi huo na kunyoosha mguu hata hivyo. Kusum alimwagizia raba pana za saizi arobaini na mbili, nyeusi, zisizo na kidirisha chochote. Alipozivaa bado alihisi yuko ndani ya karai. Kusum alibonyeza ncha, akabonyeza pembeni, akasema zimekaa. Ilibidi Wachuka aamini kidole cha mtu mwingine kuhusu mguu wake mwenyewe, na hilo hakulizoea.

Nesi alimruhusu kutembea, si kukimbia. Phyllis alikimbia mbele kidogo, akageuka, akarudi, akaenda tena, kama mbwa mwenye furaha, na Wachuka akamwambia aache, anamtia kizunguzungu.

Ijumaa moja mteja mpya aliingia saluni, mwalimu aliyehamia mtaani majuzi. Alikaa, akamwangalia Wachuka anavyomwosha nywele akiwa amekaa kwenye kile kiti kirefu, akacheka.

"Sijawahi kuona msusi anafanya kazi kama amekalia kiti ya enzi. Kwani umechoka hivyo na ni asubuhi?"

Kwenye viti vingine wanawake wawili walinyamaza kusikiliza.

"Niko na sukari," Wachuka akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kibandani kwa Phyllis. "Miguu haitaki kusimama. Inama kichwa, maji inakuwa baridi."